Sakafu Huchagua Busati Lake

Jikoni ni mahali pagumu kwa mapambo. Sebuleni unaweza kutandika zulia la rangi yoyote na likasifiwa, kwa kuwa mgeni hukaa saa moja akaaga. Jikoni hakuna mgeni. Kuna moshi, mafuta, maji yanayoruka kutoka kwenye sinki, mtoto aliyetoka shuleni na viatu vyake, na katika nchi ya majani chai kuna tope la gambuti kuanzia mlangoni hadi mekoni. Kitu kinachotandikwa hapo, kikakanyagwa kutwa kucha na bado kikampendeza mwenye nyumba, kimetoka katika mikono inayoijua kazi. Mikono ninayoizungumzia ni ya kina mama wa Kericho na Bomet wanaotengeneza mabusati marefu ya jikoni kwa gunia na nyuzi za sweta kuukuu.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi huyaona mabusati haya yameanikwa uzioni kando ya barabara wakadhani ni njia tu ya kumaliza matambara. Mfuko wa mbolea wa kilo 50, ile NPK ambayo mkulima huletewa kupitia KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai, kisha akakatwa kwenye malipo ya majani, hupasuliwa ubavuni na kufuliwa mpaka chumvi ya mbolea iishe. Mifuko miwili au mitatu huunganishwa kwa shazia, mmoja baada ya mwingine, hadi upatikane urefu wa kutoka sinki mpaka jiko. Kisha huja sweta. Baridi ya huku, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imeifanya sweta kuwa nguo ya kila siku, kwa hiyo hazikosekani: za mitumba, za shule zilizowabana watoto, ya mzee aliyeletewa mpya na mwanawe wa Nairobi. Fundi hukata mshono wa ubavu kwa wembe bila kukigusa kitambaa, akatafuta ncha ya uzi shingoni, akavuta. Sweta nzima hushuka mstari kwa mstari, kushoto kulia, kulia kushoto, mpaka libaki pindo la chini. Uzi hutoka umejikunjakunja. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, ukaloweshwa maji ya vuguvugu, ukaning'inizwa na jiwe chini yake mpaka unyooke. Nyuzi nne hushikanishwa pamoja ndipo zipite kwenye tundu la shazia, na kila mchomo huacha kitanzi juu ya gunia. Vitanzi vikibanana vya kutosha, gunia halionekani tena.

Kabla ya mchomo wa kwanza kuna jaribio la moto. Kipande cha uzi chenye urefu wa kidole huwashwa kwa kiberiti. Sufu huungua shingo upande, ikanuka nywele zilizoungua, na ukiiondoa motoni huzimika yenyewe. Jivu lake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka, ikadondoka, ikaacha punje ngumu nyeusi. Kwa jiko la kuni tofauti hiyo si maneno ya darasani. Kaa likiangukia sufu litaacha doa; likiangukia akriliki litaacha tundu, au litaleta balaa kubwa zaidi. Basi fundi makini huiweka sufu upande wa moto na akriliki upande wa sinki, kwa kuwa akriliki hainywi maji mengi na hukauka upesi, ilhali sufu inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa mbichi. Busati moja, nyuzi za aina mbili, kila aina mahali pake, na macho ya mpita njia hayaoni lolote.

Lakini ufundi wa mkono ni nusu tu. Nusu ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike, ni kuchagua.

Majiko ya huku hayajengwi siku moja. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituo cha kununulia majani. Mwaka wa hesabu wa kiwanda hufungwa Juni, na malipo ya pili, yale ambayo kila mtu huyaita bonasi, aghalabu hufika Oktoba. Bonasi ndiyo hugeuka saruji, mabati na mbao. Na kwa kuwa bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, kina Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, imezoea kuwa nyembamba kuliko ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya, nyumba hukamilika polepole, na manung'uniko yake yanasikika hadi bungeni. Mwaka huu sakafu. Mwaka ujao kabati za saiprasi zilizopakwa vanishi. Mwaka wa tatu vigae vya ukutani juu ya sinki, vilivyochukuliwa kwa sababu mwenye duka alipunguza bei na si kwa sababu vilifanana na chochote. Rangi ya mafuta ya ukutani, kijani au krimu, ilitangulia vyote. Mwishowe jikoni kuna vitu vinne vizuri ambavyo havijawahi kujuana. Busati huingia baada ya vyote, likiwa la bei ndogo kuliko vyote, nalo ndilo hutakiwa kuvipatanisha.

Fundi mchanga hudhani upatanisho ni kuleta rangi nyingine nzuri. Fundi ninayemsifu huchukua rangi moja kutoka chini na moja kutoka juu, akaziweka pamoja, akanyamaza. Ya tatu haiongezi ila pindoni, tena akibembelezwa.

Chukua sakafu nyekundu, ile ya saruji iliyochanganywa na unga wa oksaidi na kusuguliwa nta hadi ikatoa uso wa mtu. Utaikuta katika nyumba nyingi za zamani za nchi hii ya chai, ambako ujenzi wa makampuni ulishika kasi baada ya Brooke Bond kuingia Kericho mwaka 1924, na mpaka leo wapo wanaoipenda kuliko kigae. Mimi ni mmoja wao. Wekundu wake hutokana na oksaidi ya chuma, na oksaidi za chuma ndizo pia zilizoupa wekundu udongo wa mashamba nje ya mlango. Maana yake ni kwamba sakafu na tope vimeshapatana kabla fundi hajafika. Kosa la kawaida ni kutandika hapo busati la kijani, eti kwa kuwa huku ni kwenye majani chai. Kijani cha nje kina haki yake dirishani. Kikiwekwa juu ya nyekundu, kila rangi huipandisha mwenzake sauti, na anayeosha vyombo hapo hushinda katikati ya ugomvi asiojua umetoka wapi.

Jambo hili lilipata maelezo yake mbali sana na Kericho. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyeusi ya kiwanda ilikuwa dhaifu. Alipochunguza aliona rangi yenyewe haina ila. Ni rangi zilizofumwa jirani yake zilizokuwa zikiipotosha machoni. Kitabu chake kuhusu sheria hiyo ya rangi jirani kilitoka mwaka 1839. Mama wa Kapkatet hana haja ya kukisoma. Huweka kishada cha uzi wa kijani sakafuni, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja uso, akakiokota. Ameishia pale pale alipoishia Chevreul, na bila kuandika kitabu.

Kwa sakafu hiyo yeye huchukua damu ya mzee ya sweta za shule, iliyo nzito kuliko wekundu wa saruji, akaichanganya na kahawia ya chai ya maziwa. Kahawia hiyo ina sababu zake mbili. Kwanza, imekaribiana na saiprasi iliyopigwa vanishi ikakaa miaka kadhaa, kwa hiyo kabati zinaona jamaa yao sakafuni. Pili, chai huku huchemshwa pamoja na maziwa, sufuria nzima, na siku moja itamwagika. Tanini za chai hushika sufu vibaya sana. Busati lenye rangi hiyo limeshasamehe kabla ya kukosewa.

Penye vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando ya huku, kazi hurahisika, ingawa wenye nyumba wengi hawajui kuwa wanacho kipimo cha rangi ukutani. Sotet, yaani kibuyu hicho, iliyotumika miaka mingi ina kahawia ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza: mikono, mafuta na moshi vimeitengeneza kwa pamoja. Ndani yake, mkaa wa mti wa senetwet uliosuguliwa kuzuia maziwa yasiharibike huipa mursik kijivu chenye kubuluuka kidogo. Kahawia ya kibuyu na kijivu cha mursik, basi. Nimeona busati la rangi hizo mbili kwenye sakafu ya udongo iliyosilibwa kwa samadi ya ng'ombe, ambayo ikikauka hubaki na kijivu chake cha upole, na sijaona jiko la jarida lolote lililotulia namna ile. Pindoni fundi alikuwa ameweka mstari mmoja mwembamba mwekundu, ameuiba kwenye shanga za shingo ya kibuyu.

Ila sakafu ya kusiliba ina masharti. Hupumua. Ukiitandikia mfuko wa mbolea, ambao ni plastiki, unyevu utakwama chini na baada ya wiki utainua busati pamoja na vipande vya sakafu. Hapo gunia huwa la katani au juti, na busati halilali chini usiku. Hutundikwa karibu na moshi likakauka.

Vigae vinavyong'aa, vile vya krimu vinavyopendwa siku hizi kutoka Sotik hadi Kericho mjini, sina mengi ya kuvisema. Huonyesha kila alama ya tope na huteleza vikilowa. Busati lake lishonewe chini vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kwenye pembe nne na katikati, na rangi yake iwe ya udongo wenyewe, la sivyo mama mwenye nyumba atakuwa mtumwa wa ndoo na tambara. Terazo ni rahisi zaidi: chagua chembe moja kati ya zile zilizomo, uifuate.

Wenye uwezo huagiza sufu iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono, kama ile ya kina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, waliokuwepo tangu mwaka 1977. Ni kazi ya heshima. Ushauri wangu kwa jiko la kuni ni kuomba sufu isiyotiwa rangi, nyeupe iliyofifia, kijivu na kahawia kama ilivyotoka kwa kondoo, kwa sababu masizi hayana ugomvi nayo.

Kuna jambo la mwanga ambalo duka haliwezi kukusaidia. Asubuhi Kericho huwa na jua la kupendeza na kila rangi huonekana changa. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda huku ukakutana na ule wa mashariki, mawingu yakajikusanya, na aghalabu mvua hunyesha, mara nyingine ya mawe. Jikoni hugeuka kijivu. Saa hiyo ndiyo saa ya kazi: wachumaji wamerudi na aproni zao zinazochuruzika maji, maji ya chai yamebandikwa, busati linakanyagwa na limelowa. Uzi uliolowa huwa mweusi zaidi kuliko ulio mkavu. Kwa hiyo rangi iliyochaguliwa kavu, asubuhi, mlangoni pa duka, imechaguliwa kwa jiko ambalo halipo. Mafundi wenye uzoefu hulowesha kishada kwanza, wakakikamua, ndipo wakakilaza sakafuni na kukitazama.

Vipimo navyo vina adabu yake. Upana wa sentimita 60 unamtosha anayesimama kwenye sinki. Pande zote ibaki shubiri moja ya sakafu tupu, maana sakafu iliyofichwa yote haiwezi kupatanishwa na kitu. Busati lisiingie chini ya meko wala lisizuie mlango. Busati linalogusa ukuta huu na ule hufanya jiko dogo lionekane kama limevishwa nguo ya kuazima.

Kinachoniudhi ni bei. Mtu huyo huyo aliyelipia vigae bila kunung'unika hufika kwa mama mwenye shazia akaanza kuhesabu: gunia ni la bure, sweta ni kuukuu, basi unaniuzia nini? Anauziwa jicho. Anauziwa kule kukataa kijani, kule kutenganisha sufu na akriliki, na ule mstari mwekundu wa pindoni ambao haukuzidi mmoja.

Kwa hiyo ukitaka busati la jikoni, usimtumie fundi urefu na upana kwa simu ukangoja mzigo. Mwalike nyumbani saa kumi jioni, mvua ikinyesha. Mpe chai, mwache aitazame sakafu yako kwa kadiri atakavyo, na bei atakayoitaja, mlipe.