Kutunga Maua, Kutunga Maneno: Hidima ya Koja na Dhana ya Utunzi katika Mashairi ya Tondaradippodi Alvar

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mashairi mawili ya Tondaradippodi Alvar, mshairi wa Kitamil ambaye, kwa mujibu wa mapokeo, alitumia maisha yake kulima bustani na kutunga makoja ya maua kwa ajili ya hekalu la Srirangam, kusini mwa India. Makala yanadai kwamba kazi ya koja si pambo la wasifu wa mshairi bali ndiyo nadharia yake ya utunzi, na kwamba Kiswahili, chenye kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili, kina nafasi njema ya kuisoma nadharia hiyo. Aidha, makala yanajadili ugumu wa kutafsiri msamiati wa uja na utumwa kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, na kutoa mapendekezo kwa watunga sera za tafsiri na urithi wa utamaduni.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu hutunga ushanga, hutunga asumini, na hutunga shairi. Wanaisimu wanaweza kujadili kama maana hizi ni tawi moja au matawi mawili, lakini sikio la mzungumzaji halioni haja ya kuzitenganisha. Kutunga ni kuchukua vitu vilivyotawanyika, kuvipitisha uzi mmoja, na kuvipa mpangilio ambao havikuwa nao.

Kitamil nacho kina uhusiano wa namna hiyo, ingawa kwa njia ya nomino. Neno malai lina maana ya koja, na pia hutumika kutaja shairi lililopangwa beti kwa beti. Wafuasi wa Vishnu husimulia habari za Andal, binti wa mtunga makoja wa hekalu la Srivilliputhur, kuwa alimpa Mungu makoja mawili: pumalai, yaani koja la maua, na pamalai, yaani koja la beti. Tondaradippodi, anayeshughulikiwa hapa, aliliita shairi lake refu Tirumalai, jina linaloweza kufahamika kuwa “Koja Takatifu”.

Swali la makala haya ni hili: mshairi ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutunga maua yanayonyauka kabla ya jua kutua, alifahamuje kazi ya kutunga maneno? Na tafsiri ya Kiswahili itapata nini, au itapoteza nini, ikijaribu kumleta kwetu?

2.0 Mshairi, bustani na hekalu

Alvar ni washairi watakatifu 12 wa Kitamil walioishi, kwa makadirio ya wataalamu wengi, kati ya karne ya 6 na ya 9. Tungo zao, zinazohesabiwa kuwa beti 4,000, zilikusanywa na mwanazuoni Nathamuni, na hadi leo huimbwa katika mahekalu ya Vishnu. Tondaradippodi aliacha tungo mbili tu: Tirumalai, wenye beti 45, na Tiruppalliyelucci, wenye beti 10, ambao ni wimbo wa kumwamsha Mungu alfajiri.

Hekalu la Srirangam limejengwa juu ya kisiwa katika mto Kaveri, karibu na mji wa Tiruchirappalli, likiwa limezungukwa na kuta saba, moja ndani ya nyingine. Mungu aabudiwaye humo ni Ranganatha, yaani Vishnu akiwa amejinyoosha juu ya nyoka wake. Mapokeo yanasema kwamba mshairi wetu alizaliwa kwa jina la Vipranarayana katika ukoo wa Kibrahmani, akafika Srirangam, akapanda bustani ya maua na tulasi, na kila siku akawa anapeleka makoja hekaluni. Tulasi ni jamaa ya mrehani, mmea ambao wanawake wa pwani yetu huuchanganya na asumini katika vikuba.

Mapokeo hayohayo yana kisa kinachopendwa sana: kahaba aitwaye Devadevi aliingia bustanini kama mfanyakazi, akamteka moyo, akamwachisha kazi yake na kumfilisi, mpaka akatuhumiwa kuiba chombo cha dhahabu cha hekalu. Baada ya kuokolewa alichukua jina jipya, Tondaradippodi, lenye maana ya “vumbi la miguu ya waja”.

Kisa hiki kimewapa wasomaji wengi ufunguo wa kulisoma shairi kama toba ya mtu aliyepotea. Ufunguo huo unafungua mlango mmoja tu. Tirumalai lina majuto, hilo halina shaka. Lakini anapofika ubeti wa mwisho, pale ambapo mshairi hutia jina lake kama muhuri, hajitambulishi kwa dhambi yake wala kwa wokovu wake. Anajitambulisha kwa hidima ya tulasi. Katika wimbo wa alfajiri anafanya vivyo hivyo: jina lake linakuja pamoja na bega lililobeba kapu na tulasi iliyokwisha kutungwa. Mhakiki anayeanza na Devadevi na kulisahau kapu ameacha ushahidi wa matini na kufuata masimulizi yaliyo nje yake.

3.0 Koja la maua na koja la lulu

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa kuona shairi likiitwa koja. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anatangaza mapema kwamba kusudi lake ni kutunga koja, na koja hilo ni la lulu. Ulinganisho huu una faida kwa sababu tofauti iliyomo ni kubwa kuliko mfanano.

Lulu hudumu. Mshairi wa Pate, anayeomboleza majumba yaliyobomoka na matajiri waliofukiwa, anakipa kitu kisichooza kazi ya kusimulia kuoza. Shairi ndilo linalosalia pale ambapo taa, mazulia na sauti za watu zimekwisha. Utunzi hapa ni ushindi mdogo dhidi ya wakati.

Koja la Tondaradippodi halina ushindi huo. Ua huchumwa alfajiri, hutungwa, huvishwa, na kesho yake huondolewa ili koja jipya liingie. Thamani yake haiko katika kudumu bali katika kurudiwa. Ndiyo maana ubeti wa mwisho wa Tirumalai unalitaja shairi kuwa kazi changa na duni, kisha unastaajabu kwamba hata hivyo ni tamu kwa Mungu wake. Tukilisoma hilo kama unyenyekevu wa kawaida wa washairi, ule wa kuomba radhi kwa makosa ya vina na mizani, tutakuwa tumelichukulia juujuu. Mtunga maua hadai kwamba koja lake ni kamilifu. Anadai kwamba limefika kwa wakati, likiwa bichi, na kwamba ataleta jingine kesho.

Hoja hii inaeleza pia umbo la wimbo wa alfajiri. Beti zake zinahesabu dalili za kucha: giza likikimbia, maua yakifunguka, ndege wakilia, umati ukisongamana mlangoni. Ni saa ya kazi ya mtunga koja, inayoonekana kwa macho ya mtu ambaye amekwisha kuamka na kuchuma. Miungu na wafalme wamesimama wakingoja, na miongoni mwao yupo mtu mwenye kapu. Shairi halimwombei cheo. Linaomba kwamba Mungu aamke, ili hidima ipokewe.

4.0 Uungwana na uja: tatizo la tafsiri

Sasa tunafika penye ugumu. Neno adimai, lililo kiini cha Tirumalai, lina maana ya utumwa, hali ya kuwa mali ya mwingine. Katika beti za karibu na mwisho, kuanzia ubeti wa 39, mshairi anaweka mizani. Upande mmoja wako wajuzi wa Veda nne wenye nasaba, wasiokuwa na adimai. Upande wa pili wako watu waliozaliwa katika tabaka la chini kabisa, walio nayo. Mungu, anasema, anawapenda hawa wa pili. Kisha anawaonya Mabrahmani kwamba anayemdharau mja wa Mungu kwa sababu ya kuzaliwa kwake, papo hapo anakuwa yeye ndiye najisi.

Mfasiri ana maneno matatu mbele yake. La kwanza ni mtumwa. Ni sahihi kikamusi, lakini katika eneo ambalo soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe kuharamishwa humo mwaka 1897, neno hilo haliwezi kupita kama sitiari nyepesi. Msomaji anayejua kwamba mababu zake walinunuliwa ana haki ya kuuliza kwa nini utumwa usifiwe.

La pili ni mtumishi. Neno hili ni salama, na usalama wake ndio kasoro yake. Mtumishi ana mshahara, likizo na pensheni. Ukisema Mungu anawapenda watumishi kuliko wenye nasaba, hakuna mwenye nasaba atakayeudhika, ilhali mshairi alikusudia waudhike.

La tatu ni mja. Katika matumizi ya leo ni kiumbe mbele ya Muumba wake, na wanafunzi wa Kampala, Kigali au Bujumbura hukutana nalo katika mashairi ya shuleni. Lakini ndani yake bado imo ile maana ya kale ya mtu anayemilikiwa, kama neno mjakazi linavyothibitisha. Mja anabeba heshima na jeraha kwa pamoja. Kinyume chake katika historia ya pwani ni mwungwana, na hapo ubeti wa 39 unapata sura ya Kiswahili bila kulazimishwa: kuna uungwana usio na uja, na kuna uja usio na uungwana, na wa pili ndio wenye uzito. Makala haya yanapendekeza mja kwa adimai, na hidima kwa kazi ya koja, kwa kuwa neno huduma, ingawa ni ndugu yake, limekwisha kuchukuliwa na benki, hospitali na simu.

5.0 Unyenyekevu wa kuchagua

Uhakiki wa haki haupaswi kuishia kwenye sifa. Katika ubeti wa 25, mshairi anakiri kwamba ameuacha Ubrahmani wake, pamoja na josho na ulinzi wa mioto mitatu. Mtu huacha alichokuwa nacho. Aliyejiita vumbi alianza akiwa juu ya vumbi, na kushuka kwake kunastaajabisha kwa sababu hakulazimishwa na mtu. Tiruppan Alvar, mwenzake katika orodha ya wale 12, hakuwa na hiari hiyo. Mapokeo yanasema alizaliwa katika jamii ya waimbaji waliozuiwa kuingia hekaluni, akawa anaimba kutoka ukingo wa mto hadi kuhani alipombeba begani na kumwingiza.

Kwa hiyo sifa ya unyenyekevu inaweza kutumika vibaya. Mwenye nguvu anaweza kumwambia mtunga maua maskini kwamba umaskini wake ni utakatifu, na kwamba hana haja ya ujira. Tirumalai halisemi hivyo. Onyo lake linawaelekea wenye nasaba, wala halimtaki mnyonge aridhike na dharau. Anayelinukuu ili kuwanyamazisha watumishi wa hekalu, au wa taasisi nyingine yoyote, analigeuza kinyume.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unaorodhesha nyanja tano, na humo masimulizi na semi ni nyanja moja, na ufundi wa jadi ni nyingine. Nchi zetu hufuata mgawanyo huo katika kuorodhesha urithi, na mara nyingi mgawanyo wa orodha hugeuka mgawanyo wa ofisi na bajeti. Tondaradippodi anaonesha kasoro yake. Ukirekodi beti zake bila kapu, umepata nusu. Ukirekodi ufundi wa koja bila beti, umepata nusu nyingine. Hali ni hiyohiyo kwa mwanamke wa Lamu au Unguja anayetunga vikuba huku akiimba.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, taasisi za Kiswahili, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ziweke katika mipango yao tafsiri za fasihi za kale za Bahari ya Hindi kutoka lugha za asili, mfasiri akishirikiana na mjuzi wa Kitamil, badala ya kupitia Kiingereza, ambacho hakina kitenzi kimoja cha kutunga ua na beti. Pili, istilahi za ibada na utumwa zijadiliwe hadharani kabla ya kusanifiwa, kwa kuwa uamuzi kati ya mtumwa, mtumishi na mja ni uamuzi wa kihistoria pia. Tatu, ukusanyaji wa fasihi simulizi urekodi kazi ya mikono inayofuatana na maneno, pamoja na majina na ujira wa wanaoifanya, kwa ridhaa yao.

Wahindu wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat na Punjab, si ya nchi ya Kitamil, na Srirangam ni mbali kwao kama ilivyo mbali kwetu. Tafsiri njema ingekuwa zawadi kwa pande zote. Na mfasiri atakayeifanya ataihitaji subira ya mwenye bustani, kwa kuwa tafsiri nayo ni koja: kila kizazi hulazimika kulitunga upya.