Likizo ya Maktaba Si ya Agosti

Mpango wa kusoma wakati wa likizo, kama unavyoendeshwa na maktaba za umma za Ulaya na Marekani, unategemea mambo matatu: shule zimefungwa kwa muda mrefu, jua linawaka, na wazazi wanatafuta mahali pa kuwapeleka watoto. Uingereza ina shindano lake la majira ya joto, lililoanza mwaka 1999 na linaloendeshwa na shirika la The Reading Agency. Mtoto hujiandikisha maktabani, huazima vitabu sita kwa zamu, na kila anaporudi hupewa kibandiko. Ni mpango mzuri na umedumu. Tatizo huanza pale mkutubi wetu anapouchukua ulivyo, akafungua kalenda, akaona kwamba hata huku Kenya shule hufungwa Agosti, akaamua kazi imekwisha.

Agosti ya Kitale haifanani hata kidogo na Agosti ya London. Mji huu wa Trans Nzoia uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Elgon na mkabala na vilima vya Cherangani, na Agosti ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi. Asubuhi huwa na jua, kisha kufikia saa nane mchana mawingu yameteremka. Mtoto wa Kiminini anayeweza kufika mjini asubuhi hana hakika ya kurudi nyumbani akiwa mkavu, na mama anayejua hivyo hamruhusu atoke. Ratiba yoyote inayoweka hadithi saa tisa alasiri imeandikwa na mtu asiyeangalia mbingu.

Likizo yenyewe ni fupi. Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu, na mapumziko ya Agosti ni wiki chache tu kabla ya muhula wa mitihani. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa gredi ya sita, ya tisa au wa kidato cha nne haoni likizo hapo. Anaona nafasi ya mwisho ya tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya likizo na kutoza faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ipo, na tuisheni ipo. Maktaba inayofungua ukumbi wake Agosti bila msimamo hujikuta imegeuzwa darasa: vijana wamekaa wima, kila mmoja na daftari lake, na rafu za vitabu nyuma yao hazijaguswa.

Kaunti jirani ya Bungoma ina sababu nyingine, kubwa kuliko zote hizo. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Agosti ni mwezi wa tohara ya Wabukusu. Mvulana hupita kwa jamaa zake akipiga kengele ziitwazo chinyimba, akicheza na kuwaalika, na lazima afike kwa mjomba wake upande wa mama. Nyuma yake hufuata umati wa kila umri: wadogo zake, wasichana waimbaji, kina mama, wazee. Hilo ndilo tukio la rika zote, na lina karne nyingi za mazoezi. Mkutubi wa Bungoma anayepanga wiki ya vitabu katikati ya Agosti ya mwaka kama 2026 atashindana na jambo lisiloshindika, na sioni kwa nini atake kushindana nalo. Afadhali afunge mapema, atume mtu mwenye kinasa sauti arekodi nyimbo kwa idhini ya wenyewe, na aweke kumbukumbu hiyo rafuni.

Kama maktaba nayo inataka kukusanya rika zote, tutazame mahali ambapo kazi hiyo ilifanyika vizuri, na hapa sina haja ya kwenda mbali na Kitale. Luteni Kanali Hugh Stoneham alikuwa mlowezi na mkusanyaji wa wadudu, wanyama, vitu vya kiutamaduni na vitabu. Mwaka 1926, mwaka uleule reli ilipofika Kitale, alifungua makumbusho yake binafsi. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyiko huo pamoja na fedha za kujengea nyumba mpya, nayo ikafunguliwa mwaka 1974 kwa jina la Makumbusho ya Kitaifa ya Magharibi mwa Kenya, ya kwanza ya bara nje ya Nairobi. Leo tunaiita Makumbusho ya Kitale tu.

Urithi wa Stoneham ungeweza kuishia kuwa chumba cha vipepeo waliochomwa pini, kitu cha kuvutia wataalamu wawili watatu kwa mwaka. Kilichouokoa ni uamuzi wa waliokuja baada yake wa kuusukuma mkusanyiko nje ya kuta. Uani zikajengwa nyumba za jadi za jamii za eneo hili. Pakawekwa nyoka, mamba na kobe walio hai, na mtambo wa kuonyesha jinsi samadi inavyotoa gesi ya kupikia. Nyuma kukatengenezwa njia ya kutembea ndani ya msitu wa asili ulio kando ya mto.

Ukiitazama kiufundi, mpangilio huo unaondoa ugumu mkubwa wa shughuli za rika zote, yaani chumba kimoja. Weka mtoto wa miaka minne, kijana wa miaka kumi na sita na nyanya yao mbele ya msimulizi mmoja kwa saa nzima, na wawili kati ya watatu watachoka. Uani mwa Makumbusho ya Kitale, mtoto anaganda kwenye shimo la mamba, kijana anauliza mtambo wa gesi unagharimu kiasi gani, na nyanya anasimama mlangoni mwa nyumba ya nyasi akianza kueleza mambo ambayo kibao cha maelezo hakina. Wamekuja pamoja, wametawanyika, wamekutana tena. Kila mmoja amepata kitu cha umri wake, na mkubwa amegeuka mwalimu wa mdogo bila mtu kumwajiri. Hapakuhitajika mtangazaji wala kipaza sauti.

Maktaba isiyo na uwanja wa makumbusho inaweza kukopa wazo hilo bila kukopa mamba. Garissa ilionyesha njia mwaka 1996, Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilipoanzisha maktaba ya ngamia kwa ajili ya wafugaji wa kuhamahama. Watu husifia ngamia. Mimi husifia hema. Vitabu vilisafiri ndani ya masanduku mgongoni mwa mnyama mmoja, na mwingine akabeba hema na vifaa vyake. Popote lilipotandikwa pakawa maktaba, wakubwa wakikaa huku na watoto kule, na shughuli ikaisha saa ambayo wenyeji waliichagua. Kwa Bungoma, hema la aina hiyo mahali pake ni Chwele siku ya soko, au Kimilili, mahali watu wa kila umri wamekwishakusanyika kwa shughuli zao. Hakuna anayehitaji kushawishiwa kuja. Amekuja kuuza vitunguu.

Baada ya mahali, tuje kwenye vitabu. Hesabu ya vitabu sita kwa kila mtoto inapita kwa urahisi katika nchi ambayo matawi ya maktaba yana nakala tele. Hapa kwetu, watoto mia moja wakiazima vitabu sita kila mmoja katika likizo moja, ni safari 600 za kitabu kutoka rafuni, na sehemu kubwa ya rafu za watoto itabaki tupu kuanzia wiki ya pili. Kwa maktaba yenye akiba ndogo, kipimo kinachofaa ni kitabu kimoja na masikio mengi: msomaji mzuri, sura moja kila asubuhi, kwa sauti, mpaka mwisho. Nakala tatu zinatosha. Asiyejua kusoma, awe mtoto au mtu mzima, hashindwi kushiriki, na hapo suala la rika zote limepata jibu la pili.

Kitabu cha kuanzia hakihitaji kutafutwa. Ken Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akakulia Cherangani katika Trans Nzoia, na mwaka 1996 akatoa Siku Njema, riwaya ambayo kijana wake, Kongowea Mswahili, anaondoka Tanga na kupitia misukosuko mpaka Kitale akimtafuta baba yake. Kwa muda fulani riwaya hiyo ilitahiniwa katika shule za upili, kwa hiyo wazazi wengi wa sasa waliisoma kwa ajili ya maswali ya mtihani. Kuisikiliza bila maswali, mjini ambako safari ile inaelekea, ukiwa na mtoto wako pembeni, ni kazi ambayo maktaba ya Kitale ingeifanya vizuri kuliko maktaba yoyote duniani. Walibora aliaga dunia Aprili 2020. Sura moja kila asubuhi ingekuwa ukumbusho wa maana kuliko bamba la shaba.

Wazee nao wana nafasi yao, lakini kwa tahadhari. Kila anayepanga tamasha Bungoma hufikiria haraka khuswala kumuse, ile hotuba ya kihistoria inayotolewa baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi. Haipaswi kuletwa jukwaani kama burudani. Ina wakati wake, ina watu wake, na mwenye kuitoa haitoi bila sababu. Anaweza kualikwa kuieleza, vijana wakamuuliza maswali, na mazungumzo yakarekodiwa. Mkutubi asiyejua tofauti hiyo ataivunjia maktaba heshima kwa asubuhi moja.

Haya yote yafanyike lini? Desemba. Shule hufungwa kwa takriban miezi miwili mwishoni mwa mwaka, mitihani imekwisha, na hakuna mzazi mwenye hoja ya tuisheni. Mvua ya Kitale imepungua, mahindi yamevunwa au yameanikwa, na mikono ya watoto imeachiliwa kiasi. Kuanzia karibu na Krismasi, watu wa Nairobi na Mombasa wanarudi ushago na familia nzima inapatikana mahali pamoja, jambo ambalo Agosti hailitoi. Kasoro zipo: nauli za matatu hupanda, na wafanyakazi wa maktaba wenyewe wanataka kwenda kwao. Ningegawa kazi mara mbili, usomaji wa asubuhi wa watoto kuanzia katikati ya Novemba, na siku za familia kati ya Desemba 27 na 31, kisha wafanyakazi wakapewa likizo Januari.

Kuna anayeuliza kama juhudi hizi zina faida inayopimika. Mwaka 1978 mwanasosholojia Barbara Heyns alichapisha utafiti wake juu ya watoto wa shule wa Atlanta, Marekani, akilinganisha walichojifunza muhula ukiendelea na walichojifunza likizoni. Alihitimisha kwamba wakati wa likizo hakuna taasisi ya umma, shule zikiwemo, iliyochangia ukuaji wa akili za watoto kama maktaba ya umma. Aliona pia kwamba umbali kutoka nyumbani hadi maktabani ulikuwa na uzito. Hilo la umbali ndilo linalonifanya nisisitize hema la Chwele kuliko mapazia mapya ya ukumbi wa mjini. Na anayehesabu mahudhurio asihesabu vichwa vya siku ya ufunguzi, siku ya soda na picha. Ahesabu waliorudi mara ya pili.

Fedha ndizo zinazobaki. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mgao kutoka Hazina mara nyingi huchelewa, hivyo shughuli ya Agosti hudai pesa ambazo bado hazijafika. Ya Desemba ina miezi mitano ya kupumua. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hutakiwa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma, nendeni kwenye vikao vya umma kabla ya tarehe hizo mkiwa na ombi lililoandikwa: hema moja, nakala za vitabu, posho ya msomaji, na nauli ya wazee.