Joto la Juu na Joto la Chini: Tokyo, Doha na Lami ya Kihonda

Julai 26, 2021, msichana wa Kijapani mwenye miaka 13, Momiji Nishiya, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya skeiti ya mtaani katika uwanja wa Ariake, Tokyo. Fainali ilichezwa mchana, juani, katikati ya msimu wa joto. Olimpiki hiyohiyo ilikuwa imeziondoa mbio za marathoni Tokyo na kuzipeleka Sapporo, kaskazini, kwa kuhofia joto. Mkimbiaji mtu mzima amehamishwa, mtoto ameachwa pale pale. Sababu yake inamhusu kijana wa Kihonda, Morogoro, anayetoka na ubao wake mwezi Januari kutafuta lami nzuri.

Mchezaji wa Ariake alipewa mizunguko miwili ya sekunde 45 na majaribio matano ya mtindo mmojammoja. Baada ya kila zamu aliwasubiri wenzake. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika hugeuka joto, na joto hilo halina budi kutolewa mwilini. Mkimbiaji wa marathoni hulizalisha zaidi ya saa mbili bila kupumzika, ilhali mwenye ubao hulizalisha kwa sekunde chache kisha mwili ukapata nafasi ya kupoa. Zamu ndizo zilizowakinga watoto wale. Vijana wa mtaani hawana mwamuzi wa kuwaita wakae, hivyo wanaweza kurudia mruko uleule saa nzima, na hapo mchezo wa sekunde 45 unageuka marathoni.

Kilichoihamisha marathoni kilikuwa Doha. Septemba 27, 2019, mbio za wanawake za ubingwa wa dunia zilianza saa 5:59 usiku ili kulikwepa jua. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda, lakini kati ya wanawake 68 walioanza, 40 tu ndio waliomaliza. Kumbe usiku haukutosha.

Ili kuelewa kwa nini, tazama kipimo cha WBGT, kinachotumiwa na majeshi na vyama vya michezo kuamua kama watu waendelee na mazoezi. Asilimia 70 ya alama yake hutoka kwenye kipimajoto kilichofunikwa kitambaa kibichi, 20 hutoka kwenye tufe jeusi lililowekwa mahali penye mazoezi, na 10 tu hutoka kwenye joto la hewa, lile tunalotangaziwa redioni. Doha, hewa ilikuwa nyuzi 32 na unyevu zaidi ya asilimia 70, hivyo kitambaa kingesoma kama 28. Usiku tufe husoma sawa na hewa. Alama inafika 29. Jua lilikuwa limezama zamani, ila jasho halikukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Sasa tuje Kihonda, saa nane mchana. Tuchukulie hewa ni nyuzi 33 na unyevu ni asilimia 40. Kitambaa kibichi kitasoma kama 23, na tufe jeusi juani laweza kusoma 48. Alama ni 29, ileile ya Doha. Lakini chanzo ni kingine, na hapo ndipo penye faida yetu. Doha hapakuwa na pa kuukimbia unyevu. Hapa kilichopandisha alama ni jua. Hamishia tufe lile chini ya mwembe, lisome 34, na alama inashuka hadi 26 bila hewa kupoa hata nyuzi moja. Kwa hiyo kivuli na saa ya kucheza ndiyo kinga ya kwanza ya Kihonda, na chupa ya maji inafuata.

Saa gani, basi? Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu Oktoba 10 na mwanzoni mwa Machi. Mwezi Machi kivuli kifupi kabisa huja yapata saa sita na dakika arobaini, kwa sababu saa zetu hufuata longitudo 45, iliyo mashariki ya nchi. Mchana wetu, kwa maneno mengine, umesogea mbele. Lami nayo huchelewa: hufikia kilele saa nane au saa tisa, ikapita hata nyuzi 60, na bado huwa na moto saa kumi na moja. Lami ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, hivyo anayeanguka huchubuka na kuungua kwa pamoja. Weka mgongo wa kiganja chini. Ukishindwa kuvumilia sekunde saba, rudi nyumbani. Ninavyoona mimi, alfajiri hadi saa tatu ni bora kuliko jioni, ingawa wengi huchagua jioni.

Kofia ngumu ivaliwe wakati wote, iwe na matundu ya hewa. Ubao usiachwe juani, maana gundi inayoshikilia tabaka zake hulegea.

Kwa jasho la kawaida maji yanatosha, yanywewe kabla ya kiu kukomaa. Ukicheza zaidi ya saa moja ukilowa jasho, ongeza chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari kwa lita moja ya maji safi. Mtoto aliyeshuka likizo kutoka Mgeta, juu ya milima ya Uluguru kwenye baridi, apewe wiki moja hadi mbili za kucheza kidogo kidogo, kwani mwili unahitaji muda huo kujifunza kutoa jasho mapema.

Mchezaji akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hiyo ni hatari ya kifo. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Kumpoza kuanze hapohapo alipoangukia. Panadoli haisaidii joto la aina hii, na asiye na fahamu asinyweshwe chochote.

Viongozi wa mtaa wanaofikiria kuwajengea vijana sehemu ya skeiti waanze na miti na bomba la maji. Saruji ifuate.