Umeme Hafifu na Umeme Uliokatika: Michezo Miwili ya Viwanda

Factorio na Satisfactory ni michezo ya kompyuta impayo mchezaji kazi moja: kujenga kiwanda katika sayari ya mbali na kukiendesha kwa umeme aufuao mwenyewe. Wa kwanza ulitungwa na Wube Software ya Prague, ukakamilika mwaka 2020. Wa pili ni wa Coffee Stain Studios ya Uswidi, ukakamilika mwaka 2024. Wasemaji wa Kiswahili hutenganisha umeme hafifu na umeme uliokatika, na hiyo ndiyo tofauti iliyopo baina ya michezo hii.

Katika Factorio, boila moja hutosha injini mbili za mvuke, kila moja kilowati 900. Mashine ya kuundia vitu ya daraja la kwanza hula kilowati 75 ikiwa kazini, na kidogo zaidi. Basi injini hizo mbili huchukua mashine zipatazo 23. Mchezaji akizidisha, umeme haukatiki, bali hugawanywa, na kila mashine ikapunguza mwendo. Mwanafunzi aonapo bidhaa zimepungua hudhani mashine hazitoshi, akaongeza nyingine, na kwa kuongeza akapunguza. Wakati huo mikono ya umeme itiayo makaa katika boila nayo imelegea. Makaa yakipungua, mvuke hupungua. Mvuke ukipungua, mikono hulegea zaidi, hata kiwanda kizima kikazimika. Dawa yake ni duni: mkono wa zamani uendeshwao kwa makaa yale yale uyachukuayo. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Satisfactory yatoa hukumu kwa namna nyingine. Matumizi yakizidi uwezo, fyuzi hukatika na mashine zote za mtandao huo husimama papo hapo. Jenereta nane za makaa hutoa megawati 600, lakini hudai pampu tatu za maji, nazo hula megawati 60. Pampu zikisimama pamoja na mengine, jenereta hukauka. Hata hivyo mchezaji huweza kushusha mzigo, akarudisha fyuzi bila ya gharama yo yote. Uhodari wa mchezo huu umo mahali pengine, katika bei ya haraka: mashine iliyozidishwa mwendo mara mbili hula umeme mara mbili na nusu, na iliyopunguzwa nusu hula sehemu nne tu katika kumi. Mwenye nafasi ya kujenga mashine mbili za polepole hufanya kazi ile ile kwa umeme uliopungua kwa humusi moja.

Upi basi ulio bora? Satisfactory hutangaza kosa waziwazi, na mchezaji hujua saa lilipotendeka. Lakini hajui sana asili yake. Factorio huficha kosa, na wengi hupotea humo. Ila aliyepotea hulazimika kufuata waya hata boila, na kutoka boila hata mgodi wa makaa, ndipo atambue kwamba chombo kilishacho moto kilikuwa kikilishwa na moto huo huo. Ubora wa mchezo wa namna hii hupimwa kwa jambo hilo: si ukali wa adhabu, bali kama adhabu yenyewe yaonyesha njia ya kurudia kwenye chanzo. Kwa kipimo hicho, Factorio imeshinda.