Gitaa na Jina Lake

Wasomaji wetu wapenda muziki hawakosi kujua ya kuwa hapa Ihanja, katika wilaya ya Ikungi, kwaya yenye magitaa ya umeme huhesabiwa kuwa kwaya kamili, na isiyo nayo huonewa huruma. Alizeti ikisha kuvunwa na kuuzwa, maneno huanza: fedha zimepatikana, tununue gitaa gani? Hapo ndipo vijana wagawanyikapo. Mmoja asema Yamaha, wala hataki kusikia jina jingine. Wa pili asema Fender, ingawa hajapata kuishika Fender kwa mikono yake. Wa tatu ameona katika simu picha ya mpigaji mashuhuri ameshika Gibson, naye tangu siku ile amekuwa mtu wa Gibson. Tumekaa katika mashauri ya namna hiyo mara nyingi, tukasikiliza mpaka jua likatua. Leo twapenda kuyapima maneno hayo, si kwa kuwadhihaki vijana, maana wengine wao walikuwa wanafunzi wetu, bali kwa kuwa kwaya moja tuijuayo imekaribia kuvunjika kwa ajili yake.

Kwanza yatupasa kukiri ya kuwa majina hayo si upepo mtupu. Leo Fender, fundi wa redio wa California, alianzisha kampuni yake mwaka 1946, na jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alilolijua ni kuunda chombo ambacho kikiharibika huweza kufunguliwa kwa bisibisi: shingo yake imefungwa kwa skrubu juu ya ubao, basi. Gitaa lake la Stratocaster lilitoka mwaka 1954. Kampuni ya Gibson ni ya zamani zaidi, ilianzishwa Kalamazoo mwaka 1902. Nayo mwaka 1952 ilitoa gitaa lenye jina la mpigaji Les Paul, ambalo shingo yake imegandishwa kwa gundi. Miaka michache baadaye fundi wao mmoja, Seth Lover, aliunganisha koili mbili chini ya nyuzi ili mvumo wa umeme wa moja ufutwe na wa nyingine. Mtu aliyewahi kupiga gitaa la koili moja karibu na jenereta ajua faida ya uvumbuzi huo. Hizo ni tofauti za kweli, na sikio lililozoezwa huzisikia.

Walakini mapenzi ya jina huvuka mpaka huo upesi sana. Mwaka 1977 wenye kampuni ya Gibson waliwashtaki huko Marekani wauzaji wa magitaa ya Ibanez, yaliyotoka Japani, kwa kuwa yalifanana mno na ya kwao. Je, wasomaji wafikiri waligombania sauti? La, hata kidogo. Waligombania umbo la kichwa, yaani kile kipande cha ubao kilichopo mwisho wa shingo, penye vifungo vya nyuzi na jina la kiwanda. Shauri likaisha kwa mapatano. Tulipowaeleza vijana wetu habari hiyo walicheka, lakini hakuna aliyebadili kiwanda chake.

Basi na tutazame kwetu. Wapigaji wakuu wa nchi hii, wengi wao hawakuwa na gitaa lao wenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, na bendi ilikuwa mali ya chama, ya kiwanda au ya jeshi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mpigaji akihama bendi, gitaa aliliacha pale pale penye amplifaya, akaenda na vidole vyake tu. Kwa sababu hiyo mapenzi ya wasikilizaji hayakupata jina la kiwanda la kulishika; yakashika mtindo. Mtu alijiita wa Msondo au wa Sikinde, majina yaliyochukuliwa katika ngoma za Wazaramo, na wapenzi wa Western Jazz walikuwa na Saboso yao.

Mapenzi hayo yalijaribiwa mwaka 1985. Mwenye bendi ya Safari Sound aliwavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mara moja, miongoni mwao mwimbaji Muhiddin Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar, wakaunda bendi mpya yenye mtindo wa Ndekule. Ingekuwa chombo cha kuuzwa dukani, twafikiri wanunuzi wangalimfuata fundi aliyehama. Lakini Sikinde haikufa, wala Msondo haikufa ilipoondokewa na watu wake miaka ya nyuma. Na Gurumo mwenyewe hatimaye akarudi Msondo, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kwa nini mtindo ulidumu watu walipoondoka? Sisi twaona jibu limo ndani ya muziki wenyewe. Msikilize Mlimani Park katika miaka yake ya kwanza, chini ya Michael Enoch: gitaa la solo, solo la pili, ridhimu na besi hazifukuzani. Moja ikisema, nyingine huacha nafasi. Mstari wa kila mmoja ukiupiga peke yake ni mwepisi, karibu wa kitoto, na ukiupachika mahali pake huwezi tena kuuondoa bila kuuharibu wimbo. Kazi ya namna hiyo si mali ya mtu mmoja wala ya kiwanda. Mbaraka Mwinshehe alikuwa wa aina nyingine, mpigaji wa mbele hasa. Alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, wengi walimfuata yeye. Alipofariki katika ajali mwaka 1979, hakuna aliyeweza kushika nafasi yake. Twampenda sana Mbaraka, tena pengine kuliko wote; lakini kwaya ya kijiji yafaa ijifunze kwa Mlimani Park.

Asidhani msomaji ya kuwa upenzi wa mtindo ulikuwa upole mtupu. Ulikuwa na kejeli nyingi, kama ule wa zamani za ngoma ya beni, Marini kwa Arinoti. Hata hivyo vyama vile vya beni vilivyoshindana kwa mavazi na tarumbeta vilikuwa pia vyama vya kusaidiana, na mwanachama aliyefiwa hakuachwa peke yake. Kupenda upande wako na kumtendea jirani wema vilikaa katika nyumba moja.

Nao wema wa wapiga gitaa ni wa zamani. Franco wa Kinshasa, ambaye nusu ya Afrika ilicheza kwa nyuzi zake, alijifunza kwa Ebengo Dewayon, kijana mwenzake aliyekuwa na gitaa na hakulificha. Hapa kwetu mtoto huanza kwa kopo la mafuta, kipande cha ubao na nyaya za breki za baiskeli. Waya wa breki ni chuma, na sumaku ya gitaa la umeme husikia chuma. Kwa hiyo tumewahi kuuona waya huo ukifungwa hata katika gitaa la kiwandani, uzi wa kweli ulipokatika na mjini Singida ni mbali. Mshipi wa kuvulia samaki hautoi sauti hata ukiuvuta namna gani. Mambo hayo hakuna kiwanda kilichoyaandika. Hupokewa kwa mkono, na mara nyingi kwa mkono wa mpigaji wa kwaya shindani.

Turudi kwenye kwaya yetu. Yule wa Fender alileta hoja moja ambayo hatukuweza kuipuuza: chombo chenye jina hushika bei, na siku ya shida chaweza kuuzwa. Ni kweli. Lakini jina hubandikwa pia juu ya ubao wa bandia, na mnunuzi wa kijijini hana wa kumwuliza. Shauri tulilotoa ni kwamba achukuliwe mpigaji mmoja aende dukani, apige kila gitaa akiwa amefumba macho, na fedha ya seti tatu za nyuzi iwekwe kando kabla ya kulipa. Shauri hilo halikupendwa na upande wowote.

Hadi tuandikapo, fedha ziko kwa mtunza hazina. Siku za Jumapili wapiga kwa gitaa la kuazima, la kwaya ya kijiji cha pili, ambayo katika mashindano yaliyopita iliwashinda. Kichwani mwake palikuwa na jina, nalo limefutika zamani. Aliyelileta hakumbuki lilikuwa jina gani.