Mchuzi wa Mbuzi wa Kizanzibari, Runyenjes: Siri Iko Kwenye Mafuta

Nyumba nyingi za huku Runyenjes hupika mbuzi kwa njia moja. Nyama inachemshwa hadi iive, inakaangwa kwa kitunguu na nyanya, halafu mwishoni unga wa viungo wa pakiti unanyunyizwa juu. Chakula kinashibisha, lakini aliyewahi kula mchuzi wa Unguja ataonja na kuuliza karafuu imekwenda wapi. Imo sufuriani, ila haikupewa njia ya kutoka.

Harufu ya karafuu hutokana na mafuta yake yenyewe, na mafuta hayo hayayeyuki vizuri majini. Iliki, mdalasini na rangi ya manjano ni vivyo hivyo. Kwa hiyo Jumapili nilianza na mafuta ya kupikia yaliyopata moto wa wastani, nikatia iliki, karafuu na kijiti cha mdalasini, vyote vizima. Vilipoanza kunukia, vitunguu vilivyokatwa vyembamba vikafuata. Hapa ndipo wengi hukimbilia mbele. Kitunguu hakigeuki rangi mpaka maji yake yaishe, na hilo kwa vitunguu vitatu vikubwa ni karibu dakika ishirini za kukoroga. Kisha jira, mbegu za dania na pilipili manga, vyote vilivyotwangwa papo hapo kwenye kinu, pamoja na manjano. Dakika moja inatosha. Zaidi ya hapo vinaungua na kuwa vichungu.

Karafuu nunua nzima. Ibane kwa ukucha: iliyo nzuri hutoa mafuta. Huenda inatoka Pemba, kwani tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba iliyoponea ndiyo ikashika uongozi wa zao hilo.

Nyama ilikuwa bega na miguu, pamoja na mifupa, ya mbuzi wa Mbeere. Niliipaka mapema tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na kijiko kimoja cha papai bichi lililokunwa. Papai hulainisha nyama upande wa nje tu. Ukilizidisha, nje panarojeka na ndani panabaki pagumu. Nyama ikaingia kwenye viungo, ikakaangwa hadi maji yake yakauka, nikaongeza nyanya na kungoja mafuta yajitenge pembeni. Dalili hiyo ya mafuta naiamini kuliko saa.

Halafu likaja suala la mlima. Runyenjes iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 hivi hupunguza joto la maji yanayochemka kwa nyuzi moja. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mishipa na ngozi nyembamba za bega zinahitaji joto na muda ili zilainike na kuupa mchuzi uzito, na joto likipungua muda hauna budi kuongezeka. Mpishi wa Mombasa akikuambia saa moja na nusu, wewe jipe zaidi ya saa mbili. Kuchochea makaa hakusaidii, kwa kuwa maji yanayotokota kwa fujo hayazidi joto, yanakauka tu. Mwenye sufuria ya presha aitumie hapa bila aibu. Itamwokolea makaa mengi.

Nyama iive katika tui jepesi lililoongezwa maji ya moto. Tui zito lingoje hadi mwisho, nyama ikiwa tayari inaachia mfupa. Protini za nazi ndizo zinazoshikilia mafuta yake, na zikichemshwa kwa nguvu zinagandana, mafuta yanaelea na mchuzi unakatika. Punguza moto, acha sufuria wazi, koroga polepole upande mmoja hadi mchuzi uanze kufukuta, kisha epua. Ndimu ikamuliwe sahanini, kwani uchachu nao hukata tui. Kikibaki cha kesho, kipashwe kwa moto mdogo na vijiko vichache vya maji, bila kuchemka.