Hesabu Moja, Nakala Nyingi

Hadi mwaka 2024, mtu aliyetaka kujua jinsi kerneli ya Linux inavyogeuza ukurasa wa kumbukumbu kuwa anwani halisi alipaswa kuulizwa kwanza: kwa prosesa ipi? ARM ilikuwa na page_to_phys yake (ndiyo inayofanya ugeuzaji huo), PowerPC yake, MIPS yake. Ya x86 ilijificha ndani ya asm/io.h, faili la mawasiliano na vifaa.

Ajabu ni kwamba hesabu ilikuwa ileile. Kumbukumbu hugawanywa kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096, na kila ukurasa una namba yake. Isogeze namba hiyo biti 12 kushoto, anwani umeipata. Ni mstari mmoja tu, na pengine ndiyo maana kila aliyeleta prosesa mpya aliunakili akaendelea na mambo mengine.

Mstari huo una mtego lakini. Chukua mashine ya biti 32 yenye kumbukumbu ya zaidi ya GB 4, jambo ambalo Intel ililiwezesha kwa upanuzi wa anwani uitwao PAE tangu Pentium Pro ya 1995. Namba ya ukurasa ikiwa 0x120000, anwani sahihi ni 0x120000000, yaani GB 4.5. Ukisogeza kabla ya kupanua aina ya namba, biti ya juu inamwagika na unabaki na 0x20000000: MB 512. Kompaila iko kimya, na data inaandikwa juu ya ukurasa wa mwingine. x86 ilijikinga kwa kupanua kwanza, ila ilitumia dma_addr_t, aina ya anwani zinazoonwa na vifaa, badala ya phys_addr_t. Jibu lilitoka, jina lilimpotosha msomaji.

Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2006 mwanaprogramu wa kerneli Kamezawa Hiroyuki aliunganisha pfn_to_page na mwenzake page_to_pfn (pfn ni namba ya ukurasa) katika faili la pamoja, asm-generic/memory_model.h. Mwaka 2024 mwanaprogramu mwenzake Christoph Hellwig aliingiza humohumo page_to_phys na phys_to_page, page_to_phys ikipitia PFN_PHYS, ambayo hupanua kabla ya kusogeza. Nakala zikafutwa.

Faida kubwa, hata hivyo, haikuwa kupungua kwa mistari. PowerPC peke yake ilikuwa na ukaguzi: chaguo la CONFIG_DEBUG_VIRTUAL likiwashwa, namba ya ukurasa ilihakikiwa kwa pfn_valid kabla ya kutumika. Si ukaguzi wa kupuuzwa, kwa kuwa page_to_pfn mara nyingi ni utoaji wa pointa tu. Ipe pointa mbovu, itakurudishia namba mbovu zaidi bila aibu. Hellwig aliuhamishia kwenye toleo la pamoja, na kilichokuwa kinga ya prosesa moja kikawa cha wote waliotumia toleo hilo.

__pa, inayogeuza anwani pepe ya kerneli kuwa anwani halisi, haikuguswa, na ni busara. Kwenye x86 ya biti 32, kwa mpangilio wa kawaida, inatosha kutoa 0xC0000000. Kwenye biti 64, kerneli yenyewe imepangwa kuanzia 0xffffffff80000000, mbali na eneo linaloakisi kumbukumbu yote moja kwa moja. Kwa hiyo __pa hubaini kwanza anwani imetoka eneo lipi, kisha ndipo ijue cha kutoa.